Udongo niliopika, na mahindi yaliyookoa miche yangu ya michungwa

Ushauri ulionipotezea mwaka mzima ni wa kupika udongo wa kitalu. Nilikuwa naotesha miche ya limau ya kubebeshea (kuunganishia) michungwa, huku Rungwe tunakoteremkia Kyela, na muuza pembejeo mmoja akanihakikishia kwamba vijidudu vyote lazima vife kabla ya kujaza viriba. Nikatafuta pipa, kuni nikanunua za elfu kadhaa, nikapika siku tatu. Mbegu ziliota vizuri. Zilipofikisha majani manne zikagoma: majani madogo, yamepauka, mche kimo cha kidole. Nikarudi dukani, nikauziwa DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Nikaweka, nikaongeza, wapi!

Mama jirani alikuja kuomba majani ya migomba, akaiona miche yangu. Akanishika mkono hadi chini ya mchungwa wa zamani wa marehemu baba, ambako mbegu zilizodondoka zilikuwa zimejiotea. Miche ya kijani kibichi, imefika magotini.

“Mwanangu, na hii uliipikia udongo?”

Sikuwa na jibu.

Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho. Jamii ya michungwa ina vinywele vya mizizi vichache, tena vifupi. Inategemea fangasi wa ardhini wanaoingia mizizini; nyuzi zao hutambaa mbali kuifuata fosforasi, zinki na shaba, na mti huwalipa kwa sukari. Udongo wetu wa volkano huing'ang'ania fosforasi, kwa hiyo bila wao mche unakaa na njaa. Tangu 1972 watafiti wa Marekani walishaandika kuhusu miche ya michungwa inayodumaa kwenye vitalu vilivyouliwa vijidudu. Mimi fangasi hao niliwapika, kisha kwa DAP nyingi nikazuia wengine wasiingie, maana fosforasi ikizidi mizizi haiwapokei.

Kuna aliyeniambia niloweke uyoga nimwagie. Sio hao! Hawa hawatoi uyoga, na hawazaliani bila mzizi hai. Nilichofanya ni hiki: nilichota udongo na vimizizi chini ya mchungwa wa baba (chota kwenye mti mzima, ukichota kwenye mgonjwa unahamisha ugonjwa), nikachanganya na mchanga kwenye makarai manne yaliyotoboka, nikapanda mahindi. Mbegu nilitoa kwenye magunzi yaliyoning'inia jikoni, kwa sababu za dukani zimepakwa dawa ya ukungu. Mbolea sikuweka hata chembe. Yalipotoa mbelewele niliacha kumwagilia, yakanyauka, nikakata mabua. Mizizi niliikatakata kwa kisu vipande vya ukucha, nikaichanganya na udongo wake uleule. Kwa macho huoni kitu, ni mizizi ya mahindi tu, lakini mbegu ya fangasi imo humo.

Kila kiriba konzi moja, chini ya mzizi, siyo juu. Viriba ishirini niliviacha bila kitu, nipate kulinganisha. Baada ya miezi mitatu hata watoto wangu waliweza kuvitenga.

Shambani naweka samadi na matandazo, jembe silizamishi karibu na shina, na katikati ya mistari napanda kunde. Kabichi hapana, jamii yake haiwalishi fangasi hawa. Msimu huu miti thelathini na moja imebeba, mingine nimeiwekea miti ya kuegemeza matawi. Karai moja la udongo amechukua mama jirani, anaotesha miche ya machenza.