Nilivyokaa jaji wa biashara mara ya kwanza

Kwetu Congo raia wa kawaida haletewi barua ya kuingia kwenye baraza la raia kumi na wawili wanaoamua kesi, kama inavyofanyika Marekani. Kinachokaribia hapo ni mahakama ya biashara. Sheria ya Julai 2001 iliyoziunda mahakama hizo inataka kesi isikilizwe na majaji watatu: mmoja wa kazi, ndiye anayeongoza kikao, na wawili wafanyabiashara waliochaguliwa na wenzao. Hapa Lubumbashi wenzangu walinichagua mimi, mama anayeuza unga, sukari na mafuta kwa jumla. Sheria sijaisomea hata siku moja.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa Kifaransa cha mavoka, yaani mawakili. Kumbe watu ndio walionisumbua kwanza. Baada ya kuapa, salamu ziliongezeka dukani. Bwana mmoja alikuja akanunua magunia bila kubishana bei, na mtu wa Lubumbashi asiyebishana bei ana jambo lake. Alipokwisha kulipa akasema ndugu yake ana kesi wiki hiyo, halafu akacheka: "Mama, tuko batu bako," yaani sisi ni watu wako. Nilimwandikia fakitire (ankara) yake kama mteja yeyote, na kesho yake asubuhi nikamweleza rais wa mahakama. Hakushangaa hata kidogo. Aliandika, mwenzangu akakaa mahali pangu, kesi ikaendelea. Nikaona kumbe kujiondoa ni sehemu ya kazi, wala si aibu.

Kesi niliyoikalia ilihusu mzigo wa unga uliopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia (mambo mengine nimeyabadilisha, mji wetu mkubwa lakini midomo yake ni mirefu). Muuzaji anadai pesa yake. Mnunuzi anasema mifuko ililowa njiani. Dosie, yaani faili la kesi, niliisoma nyumbani na peni mkononi: upande mmoja naandika kilichoandikwa kwenye karatasi, upande mwingine ninachokijua mimi kwa sababu ya biashara yangu. Upande wa pili ulijaa upesi, na hapo ndipo nilipohangaika. Unga uliolowa naujua: hushikana pembeni mwa mfuko na kuwa mgumu, na harufu yake hutangulia. Lakini hayo hayakuwemo kwenye dosie. Nikiyaingiza kimyakimya chumbani kwa majaji, mavoka watayajibu lini?

Rais ndiye aliyenitoa hapo. Aliniambia: unachokijua, kigeuze swali, uliulize barazani wote wakiwa wapo.

Basi siku ya kikao nikaomba ile karatasi ya kupokelea mzigo. Muhuri wa zambarau nusu yake ilikuwa nje ya karatasi, saini imepita juu ya idadi ya mifuko, na neno "nimepokea" peke yake. Nikauliza ni nani aliyetia saini. Mlinzi wa depo, yaani ghala. Mlinzi alifungua mfuko hata mmoja? Mtu wa muuzaji akaacha Kifaransa, akanijibu kwa Kiswahili: "Mama, mlinzi anahesabu tu."

Tangu Congo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, sheria yetu ya mauzo kati ya wafanyabiashara ni ile ile ya nchi nyingine za OHADA. Kasoro inayoonekana siku ya kupokea mzigo lazima mnunuzi amjulishe muuzaji ndani ya mwezi mmoja, la sivyo amepoteza haki. Na ushahidi kati yetu unapokelewa wa kila namna, hata wa simu. Mnunuzi alikuwa amepiga picha za mifuko na kumtumia muuzaji kwa simu wiki ile ile ya kupokea mzigo, na tarehe ilionekana. Avoka wa muuzaji alizitazama muda mrefu kuliko alivyotazama kitu kingine chochote siku ile.

Tuliyosemezana sisi watatu baadaye ni siri, siyaandiki. Hukumu ilisomwa hadharani: mnunuzi alipe mifuko iliyofika mizima tu.

Sasa kwenye depo yangu anayepokea mzigo lazima afungue mifuko kadhaa kwanza, aandike hali yake, ndipo atie saini. Madereva wamenuna, wanasema ninawachelewesha. Mmoja aliniuliza kama nimefungua mahakama ya pili.