Eldorado kwenye theluji ya Loveland

Kijana mmoja wa hapa Aurora, Colorado, Marekani, amenunua Cadillac Eldorado ya 1976, ile ya kufunguka paa. Ina rimu kubwa za kung'aa, na nyuma imeshushwa. Juzi akaniuliza kama anaweza kuvuka nayo mlima wakati wa theluji. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimerudi kwenye ile nyeupe ya Shemeji, siku tuliyokuwa tunaipeleka mji wa Dillon, ng'ambo ya milima, kwa ajili ya harusi, na handaki la Eisenhower linalopita chini ya mlima likafungwa kwa ajali tukiwa njiani.

Gari lenyewe mnalijua. Urefu karibu mita 5.7, uzito zaidi ya tani 2.3, injini V8 ya lita 8.2. Wengi wakiliona hudhani ni gari la jua na barabara za ufukweni. Lakini Eldorado ya miaka ile inavutwa na magurudumu ya mbele. Injini, gia boksi ya TH425 na mnyororo unaohamisha nguvu kati yake vyote vimekaa mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito inalalia tairi zilezile zinazovuta. Kwa kupanda kwenye theluji, gari la namna hiyo lina faida kuliko Lincoln au Cadillac nyingine za zama zake, ambazo zilivutwa nyuma huku nyuma kukiwa kwepesi.

Kinacholiharibia ni mapambo. Lile la Shemeji lilipofika kwetu lilikuwa na rimu za inchi 22 na tairi pana, nyembamba ubavuni, za kiangazi. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7, na upana ule unaelea juu ya theluji badala ya kuikata. Tulivua zote nne, tukafunga rimu za chuma za inchi 15 na tairi za baridi za 235/75R15. Upepo tuliupima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa sababu kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 tairi hupoteza karibu psi 1. Ukijaza ndani ya gereji yenye hita, nje utakuwa na tairi laini bila kujua.

Cha pili ni kava la kromu la kichujio cha hewa. Linapendeza sana ukifungua boneti, ila aliyelifunga alitupa nyumba ya kichujio ya kiwandani pamoja na bomba linalovuta hewa ya moto kutoka kwenye manifodi ya ekzosi. Kabureta ya Quadrajet ikipewa hewa baridi yenye unyevu, petroli inapogeuka mvuke huipoza zaidi, na barafu hujijenga kwenye koo lake. Gari linaanza kukohoa, mzunguko wa injini unashuka, mwishowe linazima. Ukisimama dakika kumi barafu inayeyuka, gari linawaka, nawe unabaki kuilaumu pampu ya petroli ambayo haina kosa. Tulitafuta nyumba ya zamani, tukairudisha na bomba lake.

Nyuma, springi zilikuwa zimetolewa na kuwekwa mifuko ya hewa. Hewa inayosukumwa na kompresa ina maji, na maji hayo hukaa kwenye tangi kisha yanaganda ndani ya valvu za umeme. Valvu ikigandia wazi, upande mmoja unakaa chini na uzito wa gari zima unapinda. Tuliyamwaga maji ya tangi, tukaziruka valvu kabisa: kila mfuko tuliufungia valvu ya kawaida kama ya tairi, tukaujaza kwa mkono mpaka nyuma ikakaa kwenye kimo chake cha kiwandani. Kulanti nusu kwa nusu na maji, inayovumilia mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Betri mpya. Mipira ya CV, ile inayofunika viungo vya ekseli za mbele, tuliikagua mkunjo kwa mkunjo, maana mpira wa zamani hupasuka kwenye baridi na grisi yote inamwagika.

Paa hatukuligusa, na tulimwambia bwana harusi mapema kwamba picha za paa wazi atazipata mwezi wa sita. Vinaili ikiwa baridi inasinyaa na kukakamaa. Ukilikunja paa, kulirudisha mpaka lishike fremu ya kioo cha mbele ni vita, na ukiendelea kubonyeza swichi, gia ndogo zinazosukuma vyuma vya paa zinakwanguka meno.

Kupanda nakupitia haraka. Tulitoka barabara kuu ya I-70 kwenye njia ya kutokea namba 216, tukashika barabara ya US 6 kuelekea Loveland Pass, kivuko cha juu ya mlima kilicho mita 3,655 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule imepungua karibu theluthi moja, kabureta inaendelea kumwaga petroli kama iko bondeni, na injini inanuka mafuta na kuchoka. Lakini tairi hazikuteleza hata pale pikapu tupu zilipokuwa pembeni zikifungwa minyororo. Nilishika mwendo mmoja, mguu hautingishiki. Malori ya petroli na gesi hupita njia hiyo pia kwa sababu handakini hayaruhusiwi, kwa hiyo nafasi kati yako na wa mbele lazima iwe kubwa.

Tulivuka kilele, tukaanza kuteremka upande wa magharibi.

Sisi tuliojifunza kuendesha Tanzania tuna kanuni moja ya mlima Kitonga: teremka kwa gia uliyopandia. Kanuni hiyo ni ya kweli hata Colorado, ila kwenye gari la kuvutwa mbele ina mtego wake. Injini inapozuia mwendo, inazuia kupitia tairi za mbele, na tairi hizohizo ndizo zinazokata kona. Tairi ina mshiko wa kiasi. Ukiutumia wote kuzuia mwendo, wa kugeuza haubaki. Kwa hiyo gia inashushwa kwenye njia iliyonyooka, mapema, kabla usukani haujaguswa.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kabla ya kona moja kali ya kushoto. Nikashusha gia ya pili, gari likanguruma, spidi ikaanguka vizuri. Mwanzoni mwa kona theluji ilikuwa nyeupe, ya kusagika. Katikati, greda lilikuwa limepita na kuiacha lami na utando wa barafu uliosuguliwa ukang'aa. Nilikata usukani, pua ikaanza kugeuka, halafu ikaacha. Usukani wa gari lile ni mwepesi mno, kidole kimoja kinatosha, hauambii mkono chochote. Nilijua tumepoteza mshiko kwa kuangalia nembo iliyo ncha ya boneti: ilikuwa imesimama, na ukingo wa barabara ndio uliokuwa unasogea kuifuata.

"Shem, breki! Kanyaga breki!" Shemeji akapiga kelele.

Breki ilikuwa kitu pekee ambacho sikutakiwa kukigusa. Gari halina ABS. Kukanyaga pale ni kuzifunga tairi za mbele na kwenda moja kwa moja. Niliurudisha usukani kidogo kuelekea katikati, kinyume kabisa na mwili unavyotaka, kisha nikagusa mafuta, kiasi cha uzito wa soli tu. Lengo halikuwa kuongeza mwendo. Injini ilikuwa inazizungusha tairi polepole kuliko barabara inavyopita chini yake, na ule mguso unazirudisha kwenye mwendo wa barabara ili ziviringike tena. Kwa muda ambao sikuweza kuupima, hakuna kilichobadilika. Shemeji alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye dashibodi. Halafu ikasikika sauti ya chini, kama mkwaruzo, upande wa kulia mbele, na boneti yote ndefu ikaingia kushoto kwa pamoja. Nikaachia mafuta taratibu, nyuma ikafuata bila kupiga mkia.

Hakuna aliyesema neno mpaka Arapahoe Basin, kituo cha kuteleza kwenye theluji kilicho chini ya kivuko.

Harusi ilikwenda salama, nasi tukarudi kesho yake handaki likiwa wazi. Kazi kubwa ilikuja baadaye. Barabara zile hunyunyiziwa magnesiamu kloraidi, na hiyo haikauki kirahisi, inavuta unyevu na kuendelea kula chuma. Tuliliosha gari chini kwa maji ya uvuguvugu, tukazibua matundu ya kutolea maji kwenye milango, tukainua mazulia, tukapuliza hewa ndani ya chesisi.

Shemeji anashikilia mpaka leo kwamba uzito wa injini ndio uliotuvusha. Mimi naona uzito ulitupandisha, na ulipofika kwenye kona ndio uliokuwa unatusukuma nje, kilichotushika ni tairi. Tumebishana sana, na kila mmoja ana hoja. Na kuna alama ya kutu kwenye mshono wa chesisi nyuma ya gurudumu la kushoto. Tuliikwangua tukaipaka rangi, ikarudi. Kama iliingia na safari ile au ilikuwemo kabla gari halijafika kwetu, hatujaweza kujua.