"Bye", na simu imekatwa

Kinachouma huku Uingereza ni namna watu wanavyoachana. Zamu imekwisha, mtu anavaa koti, "See you later," huyo katoka. Usikae kumsubiri, hiyo "later" haina saa, ni kwaheri tu. Kwenye simu ni "bye, bye-bye, bye," kisha kimya.

Kwetu Dodoma kuaga ni kazi. Mgeni huanza akiwa bado amekaa: "Haya jamani, mimi niwaage." Mwenyeji lazima akatae: "Mbona mapema? Mlenda uko jikoni." Ukinyanyuka papo hapo watadhani umekasirika. Aga tena, ndipo usimame, uwape mkono ukianzia kwa mkubwa. Ukiambiwa "wasalimie nyumbani," jibu ni "zimefika". Halafu kuna kusindikizwa, walau mpaka kwenye bodaboda, na huko njiani ndiko yanakosemwa yale mazito: deni, mgonjwa, posa. Anayefunga mlango mgeni akiwa bado uani amemfukuza. Na "kwaheri" huitikiwa "ya kuonana", maana ikiachwa peke yake inasikika kama ya moja kwa moja. Watu wa pwani usiku wana "alamsiki", na jibu lake "binuru". Sisi "lala salama" inatutosha.

Mnaojiandaa kuja, shikeni hili. Mwingereza akipiga mapaja kwa viganja na kusema "Right!", hiyo ndiyo "haya" yao, ila hakuna wa kukuzuia. Vaa koti.

Barua nazo zina sheria. Ukianza "Dear Sir or Madam", funga kwa "Yours faithfully"; ukitaja jina lake, ni "Yours sincerely". Barua pepe ya kazi, "Kind regards" inatosha. "Wako mtiifu" tuliyofundishwa shuleni usiitafsiri kwenye maombi ya kazi. Walikuwa nayo zamani, leo inawashangaza. Herufi x mwishoni mwa ujumbe ni busu, hata jirani wa kawaida huiweka, usijenge nyumba juu yake.

Ila ukipiga simu Kongwa au Mpwapwa, tabia ya huku iache huku. Anza kuaga dakika kumi kabla kifurushi hakijaisha, kwa sababu ukishasema "haya mama" simu inapitishwa nyumba nzima, na shangazi aliyekuwa shambani ndiyo kwanza anaingia.