Nilivyoacha kukariri sindromu za shina la ubongo nikaanza kuzielewa

Waliotutangulia kwenye chuo cha udaktari walikuwa na ushauri mmoja kuhusu sindromu hizi, yaani makundi ya dalili zinazotokea pamoja shina la ubongo (sehemu inayouunganisha na uti wa mgongo) likiharibika: kariri jedwali. Jina huku, dalili kule, maswali baadaye. Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi hadi leo. Weber, Benedikt na Claude, madaktari ambao sindromu zimepewa majina yao, wote wana neva ya 3, ile inayoinua kope na kusogeza jicho. Ukiwakariri usiku, asubuhi wameshachanganyika. Vifupisho vya herufi za kwanza navyo vinasaidia kwenye karatasi ya mtihani tu. Ukisimama mbele ya mgonjwa havisemi kitu.

Kilichonifungua ni kuwapanga kwa miaka na kuuliza kila mmoja aliona nini. Mwaka 1856, Ufaransa, Millard na Gubler wanaeleza wagonjwa waliopooza uso upande mmoja, mkono na mguu upande mwingine. Ukielewa hapo, umemaliza nusu ya kazi. Njia za neva zinazoendesha mikono na miguu huvukia upande wa pili chini kabisa, kwenye medula, sehemu ya chini ya shina. Neva ya uso yenyewe hutokea juu, kwenye ponsi, sehemu ya katikati ya shina, na kubaki upande wake. Kidonda kimoja cha ponsi, yaani eneo moja lililoharibika, hukata vyote viwili. Foville, 1858, anaongeza macho yasiyoweza kugeukia upande wa kidonda.

Weber, Mjerumani aliyefanya kazi London, mwaka 1863 anatupeleka juu zaidi, ubongo wa kati, sehemu ya juu ya shina: kope limeanguka, mwili wa upande wa pili umepooza. Benedikt wa Vienna (1889) anakuta kope hilohilo, ila mkono wa pili unatetemeka. Claude (1912) anakuta unayumba, haulengi. Basi kwa hao watatu mimi huangalia ule mkono wa pili tu: umepooza, unatetemeka, au unayumba?

Ninayemheshimu kuliko wote ni Adolf Wallenberg, daktari wa Danzig, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo. Mwaka 1895 hakukuwa na CT, kipimo cha kupiga picha ya ubongo. Alimpima mwanamume wa miaka 38 aliyeshikwa na kizunguzungu, akashindwa kumeza, akapoteza hisia za maumivu na joto usoni upande mmoja na mwilini upande wa pili. Kwa kupima ngozi tu na kuijua mishipa ya damu, akasema kidonda kiko pembeni mwa medula, akataja na mshipa wenyewe. Mgonjwa alipofariki ubongo ukachunguzwa, na mwaka 1901 akachapisha matokeo: kidonda kilikuwa palepale. Mtu huyo, kwa kuwa alikuwa Myahudi, Wanazi walimfanya akimbie nchi yake uzeeni. Alifia Marekani mwaka 1949.

Niliona faida yake wodini. Mama mmoja aliletwa na kizunguzungu, kwikwi na sauti ya kukwaruza. Chai ilikuwa ikimpalia. CT ikarudi safi, na mwenzangu akashauri aruhusiwe, eti ni masikio. Nilichukua uma wa kupimia mtetemo, ambao chuma chake ni baridi, nikauweka kwenye shavu la kushoto. "Sisikii baridi." Shavu la kulia: "Baridi." Mkono wa kulia: "Hapa hapana." Mkono wa kushoto: "Baridi!" Kope la kushoto lilishuka kidogo, mboni yake ndogo kuliko ya pili. Nikaandika kwenye faili: kiharusi, medula, pembeni, kushoto. Ndugu walichanga laki kadhaa kwa ajili ya MRI, picha ya ubongo inayoonyesha zaidi kuliko CT, na jibu likaja hivyohivyo. Nilifurahi kweli, sifichi.

CT huviona vibaya viharusi vidogo vya sehemu hiyo, hasa mapema, kwa hiyo picha safi isikunyamazishe. Mwenye kizunguzungu mpime baridi uso na mwili, pande zote mbili. Na akipaliwa, asipewe uji wala maji mdomoni hadi apimwe kumeza. Yule mama alilishwa kwa mpira wa puani kwanza, na alipotoka wodini alikuwa anakula mwenyewe.