Chanjo za Tunu: nilivyoamua apewe zipi

Mwaka juzi tulikiokota kitoto cha paka nyuma ya genge, hapa Tabata, na hakikumaliza mwezi. Kilitapika na kuharisha kwa siku mbili, kikagoma kunywa hata maji, kikafa asubuhi mikononi mwangu huku nikiamini kwamba kilikula dagaa walioharibika. Daktari wa mifugo niliyemweleza dalili zile alisema zinafanana mno na panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoshambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, hasa za utumbo na za uboho wa mifupa, hata chembe nyeupe za damu zikaporomoka na mwili ukakosa cha kujitetea. Aliongeza jambo ambalo liliniuma zaidi, kwamba virusi hivyo vinaweza kubaki hai sakafuni, kwenye mkeka na kwenye nyayo za viatu kwa muda wa hadi mwaka mzima, na kwamba sabuni ya kawaida haiviui. Nilichoma mkeka, nikapiga deki nyumba nzima kwa maji ya jiki, na nikajiapiza kwamba hataingia paka mwingine humu kabla sijajua cha kumkinga.

Tunu, paka wetu wa sasa, alipokuja akiwa na wiki nane, mama alinitazama nikimwandaa kwenda kwa daktari, akaniuliza, "Mwanangu, tangu lini paka akachanjwa? Paka hujitibu mwenyewe kwa majani." Sikubishana naye, kwa kuwa paka wote aliowalea kijijini waliishi hivyo, na wale waliokufa wadogo hakuna aliyewahesabu.

Daktari hakuanza kwa kunitajia chanjo alizokuwa nazo. Aliniuliza tunaishi vipi, nami nikamweleza ukweli: wavu wa dirisha la jikoni umechanika, paa letu la bati linakaribiana na la jirani, paka shume hupita kila usiku kufuata vichwa vya samaki, na watoto wa mtaa hushinda barazani kwetu wakimbeba kila paka wanayemkuta. Nilikuwa nimemwita Tunu paka wa ndani, lakini baada ya maelezo hayo nilikubali kwamba nyumba kama yetu haina paka wa ndani.

Chanjo ya kwanza haikuhitaji mjadala, nayo ni ile inayokinga magonjwa matatu katika sindano moja: panleukopenia, pamoja na virusi vya herpesi na vya kalisi, ambavyo ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua ya paka, macho kutoa usaha na vidonda vya ulimi. Dhidi ya panleukopenia kinga yake ni imara sana. Dhidi ya mafua hupunguza makali tu, kwa hiyo paka aliyechanjwa anaweza bado kupiga chafya, na anayestahili kulijua hilo mapema ni mwenye paka, asije akadhani ameuziwa maji. Nilichokuwa sikijui kabisa ni sababu ya kurudia dozi. Mtoto wa paka hupata kingamwili kutoka katika maziwa ya mwanzo ya mama yake, na kingamwili hizo, zikiwa bado nyingi, huizima chanjo kabla haijaufundisha mwili wake chochote. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kumtazama mtoto kwa macho akajua zimekwisha lini, dozi hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Tunu alichanjwa akiwa na wiki 8, 12 na 16. Miongozo ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, inashauri dozi nyingine katika umri wa miezi sita hivi, ili hata yule ambaye dozi za awali hazikumshika asikae muda mrefu bila kinga.

Ya pili ni ya kichaa cha mbwa, na hapa naomba niseme kwa mkazo, kwa sababu jina lenyewe linatudanganya. Ni kweli kwamba nchini kwetu mbwa ndio wanaowaambukiza watu wengi zaidi, lakini paka huugua na huambukiza vilevile, na dalili zikishaanza, kwa mnyama au kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mkono unaomchezea Tunu kila siku ni wa mtoto wa jirani yangu, hivyo chanjo hii sikuihesabu kuwa ya paka peke yake. Huanza kutolewa katika umri wa wiki 12. Tunu alidungwa katika wiki ya 16 na atarudia baada ya mwaka. Watoto nimewafundisha kwamba ukiumwa na paka au mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mnyama anaonekana mzima.

Lukemia ya paka, ugonjwa mwingine wa virusi, ndiyo iliyonifikirisha. Huambukizwa kwa mate, kwa kulambana, kula sahani moja na kuumana, na wanaoathirika zaidi ni wadogo. Kwanza alipimwa damu, maana chanjo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa. Majibu yalipotoka safi nilikubali dozi mbili, kwa ajili ya wale paka shume tu. Angekuwa paka wa ghorofani asiyeona mwenzake, ningeipima upya kila mwaka haja yake. Kumdunga kila kitu kila mwaka nilikataa, naye daktari aliniunga mkono: ile ya magonjwa matatu, paka mkubwa asiye katika hatari kubwa hurudia baada ya miaka mitatu. Sindano zote alizipiga chini kabisa mguuni, kwa sababu mara chache sana uvimbe wa saratani huota palipodungwa, na mguuni ni rahisi kuukata kuliko mgongoni.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepita duka moja la dawa za mifugo nikakuta vichupa vya chanjo vimepangwa juu ya kaunta, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikishapata joto la Dar es Salaam kwa saa kadhaa unaweza kulipia kinga ambayo haipo. Tangu siku ile, kabla ya sindano, huomba kuona jokofu na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Dozi ya wiki ya 16 mama alitusindikiza, akampakata Tunu katika khanga yake kwa nusu saa tuliyoambiwa tusubiri, tukichungulia kama uso utavimba. Haukuvimba. Kadi yake ya chanjo sasa imo katika bahasha moja na kadi za kliniki za watoto.