Mbalamwezi Haivui Dagaa: Siku Moja ya Mchoraji Aliyerudi Kigoma

Saa 11:30 alfajiri

Kigoma hupambazuka kwa kuchelewa. Nchi nzima inafuata saa moja ilhali sisi tuko ukingoni kabisa mwa magharibi, kwa hiyo jua letu huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, nami ninayependa kuanza kazi mapema huwa nimeshashika kalamu wakati nje kungali giza. Leo giza halikuwapo. Mwezi mpevu ulikuwa umeinamia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na maji yaliyo chini ya nyumba yetu hapa Kibirizi yaling'aa kama bati lililoezekwa jana. Nilisimama uani nikayatazama kwa muda. Hapakuwa na taa hata moja ziwani, na mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa mchangani. Sikujua kwamba mwezi huo ndio ungeiendesha siku yangu yote.

Saa 1:00 asubuhi

Nilimwamkia mama, akaitikia, akaniuliza nimelalaje, kisha akanituma gengeni kununua mawese na, kama ningebahatika, dagaa wabichi. Kutoka mlangoni hadi gengeni ni mwendo wa dakika tatu, lakini mimi hutumia robo saa, kwa kuwa njiani kuna watu wazima wanne wa kupewa shikamoo, kuna bibi mmoja anayependa kuamkiwa kwa Kiha, mwakeye, na kila mmoja wao huuliza hali ya mama, ya kazi na ya usingizi kabla hajaniachia njia.

Niliishi Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, kwa miaka sita. Wiki yangu ya kwanza huko nilimsalimu jirani niliyepishana naye ngazini, naye akaniitikia "Moin", neno moja ambalo watu wa kaskazini ile hulitumia asubuhi, mchana na jioni, kisha akaendelea kupanda. Nilibaki nimesimama na begi langu nikisubiri sehemu iliyobaki ya salamu. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hakuwa amenidharau. Kwa desturi yake alikuwa amenisalimu kikamilifu. Nisilolitarajia ni kwamba nitakaporudi nyumbani nitakuwa nimelizoea lile neno moja. Niliwapita watu kwa "habari za asubuhi" bila kusimama, hadi jioni moja mama akaniita na kuniambia, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kwamba majirani wanamuuliza ni nani kati yao aliyenikosea.

Gengeni hapakuwa na dagaa wabichi. "Si unauona mwezi, mwanangu," alisema muuzaji, akanipimia dagaa wakavu wa wiki iliyopita.

Saa 2:15 asubuhi

Kazi yangu ni kuchora kwa kishikwambi. Kalamu yake haina wino; hupima mkandamizo wa mkono kwa viwango 8,192, na mstari hunenepa au kukonda kama ule wa penseli kulingana na uzito ninaoutia. Kila sehemu ya picha hukaa kwenye tabaka lake, maji peke yake, watu peke yao, vivuli peke yao, hivyo ninaweza kubadilisha anga bila kuligusa ziwa. Mwaka huu ninachora kitabu cha watoto kuhusu Ziwa Tanganyika, nilichoagizwa na wachapishaji wa Ujerumani niliowahi kufanya nao kazi nilipokuwa huko.

Ukurasa wa kwanza ulikamilika mwezi uliopita. Unaonyesha meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na kwa reli hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina tunalolijua. Papenburg si mbali na Bremen. Jumamosi moja nilipanda treni nikaenda kuuona mji huo, nikasimama kando ya mmoja wa mifereji yake, nikafikiri kwamba chuma nilichokiona bandarini kwetu tangu utotoni kilianzia pale. Nililia kidogo, na wala sioni haya kulisema hilo, kwani tangu nifike Ujerumani hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyojisikia kuwa katika nchi yenye undugu wowote na kwetu.

Leo nilikuwa kwenye ukurasa wa vichanja, pale kina mama wanapoanika dagaa. Dagaa aliyetoka majini muda si mrefu ana mstari wa fedha ubavuni, mgongo wa kijani kinachoelekea kijivu, na jicho jeusi lililozungukwa na duara linalong'aa. Akikaa juani, jicho hugeuka jeupe kama chokaa, mgongo huwa wa kahawia, na ile fedha hubaki kwenye mkunjo wa tumbo tu. Nilipokuwa Bremen nilimchora dagaa mara nyingi kwa kumbukumbu, na kila mara alitoka mwenye rangi ya fedha tupu, kwa sababu nilimkumbuka kwa jina na kwa ladha, si kwa macho. Hii ndiyo sababu kubwa iliyonirudisha, ingawa watu wengi hudhani nilishindwa maisha huko.

Saa 4:00 asubuhi

Mwezi huu tunapishana na Ujerumani saa moja tu. Wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, tutapishana mbili. Mhariri wangu ni mtu makini. Kikao cha saa tatu kwao huanza saa tatu kamili, na heshima anayonipa ni kutonipotezea dakika hata moja. Alikuwa amenitumia nakala ya mchoro wangu wa wavuvi usiku, na juu yake amechora mwezi mkubwa wa duara, katikati ya anga, juu ya mitumbwi yenye taa. Alisema mtoto wa Ujerumani ambaye hajawahi kuona uvuvi wa taa atadhani picha ni ya jioni yenye mawingu, na kwamba mwezi utamwonyesha kuwa ni usiku.

Kabla sijajibu, shangazi alipiga hodi. Miezi ya mwanzo baada ya kurudi ningemwinulia kidole kumwashiria anyamaze, na nilipata kufanya hivyo mara moja; alikaa mwezi mzima bila kukanyaga kwetu. Leo nilimwomba mhariri dakika mbili, nikainuka, nikampa shangazi shikamoo kwa mikono miwili na kumkaribisha kiti. Akaketi nyuma yangu, akakitazama kishikwambi, ambacho yeye hukiita simu kubwa, na baada ya kimya kifupi akauliza kwa mshangao wa kweli: "Hawa wanakwenda wapi na mbalamwezi yote hii?"

Nilimtafsiria mhariri swali hilo neno kwa neno, kisha nikaeleza. Dagaa hufuata mwanga. Mvuvi huwasha taa juu ya maji yenye giza, samaki wakakusanyika chini yake, na wavu ulioshushwa kati ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti ukainuliwa nao. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima huwa na mwanga, taa haina tena cha kuwavutia, na samaki hutawanyika. Ndiyo maana siku hizo mitumbwi hupandishwa pwani. Nikaongeza kosa la pili, ambalo mimi mwenyewe nililigundua wakati huohuo nikieleza: kwetu anayetazama ziwa anatazama magharibi, na mwezi mpevu jioni huchomoza mashariki, nyuma ya vilima, mgongoni mwa mtazamaji. Juu ya maji huonekana karibu na alfajiri tu, kama nilivyouona leo.

Mhariri alisikiliza yote. Hakukataa wala hakukubali. Aliniomba nimpelekee picha kabla ya usiku ili aone kwa macho yake, na nadhani alikuwa na haki.

Saa 7:00 mchana

Umeme ulikatika saa tano na nusu, ukarudi baada ya chakula. Betri ilinitosha. Tulikula ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, na shangazi akamsimulia mama habari za Wajerumani wanaovua kwenye mbalamwezi.

Saa 9:00 alasiri

Niliteremka pwani kukutana na mwenye boti anayetaka jina na mchoro wa tai kwenye ubavu wa chombo chake kipya. Mimi huandaa mchoro kwenye kishikwambi, na fundi wa kuandika maboti huuhamisha kwenye mbao kwa rangi ya mafuta.

Kuhusu malipo, mazungumzo yalikuwa yale niliyoyazoea. Alimlipa fundi kianzio bila kusita, kwa kuwa aliyaona makopo ya rangi na brashi. Akanigeukia mimi akauliza, bila nia mbaya, ninamtoza nini wakati kalamu yangu haili wino wala sitoboi karatasi yake. Swali hili huniumiza kila ninapolisikia, na sijaona jibu zuri kuliko ukweli: anachonunua ni siku mbili za maisha yangu na miaka ya kujifunza. Huko nilikokuwa hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ujerumani ina mfuko wa bima ya jamii wa wasanii wanaojitegemea, ulioanza kazi mwaka 1983. Msanii huchangia nusu, na nusu nyingine hutoka kwa kampuni zinazotumia kazi za sanaa pamoja na serikali. Nilipojiandikisha kama mchoraji, karani alijaza fomu kama angejaza ya fundi bomba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inaitambua kazi ya sanaa, lakini pale mchangani, mbele ya mtu anayenifahamu tangu ninabebwa mgongoni, sheria ni ngumu kuitaja. Karani yule hakuwahi kuniuliza nimekula nini. Mwenye boti alikuwa ameniletea migebuka mitatu kwa ajili ya mama kabla hatujaanza kuzungumza bei. Ninavitaka vyote viwili, na sioni kwa nini nichague. Tulikubaliana alipe nusu leo na nusu siku boti itakaposhuka majini, akanitumia fedha kwa simu tukiwa bado tumesimama.

Kisha nikakaa kumtazama fundi. Aligawa ubavu wa boti kwa uzi uliopakwa chaki, akapima kwa jicho mahali ubao unapopinda, akarefusha bawa la tai kwa kiasi cha kiganja kupita mchoro wangu. Nilimuuliza kwa nini. Akanivuta hatua kumi nyuma, karibu na maji, akasema boti hutazamwa kutoka huku, na kwamba pale ubao unapojikunja bawa langu lingeonekana limekatika. Ni kweli. Kwenye kioo kila kitu ni bapa, nami nina amri ya kutendua inayonirudisha nyuma mara mia; yeye ana mkono mmoja na rangi inayokauka.

Saa 11:20 jioni

Chini ya mwembe, mzee mmoja alikuwa akishona nyavu. Nilimwomba ruhusa ya kumchora, akakubali, na huku akivuta uzi akanieleza kwamba siku za mwezi mpevu ndizo siku za nyavu, za kuziba matundu ya mitumbwi, za misiba na harusi zilizoahirishwa. Zamani walivua kwa karabai, alisema, sasa ni taa za sola, lakini mwezi haujabadilika. Vidole vyake vilikuwa vinafunga fundo moja kwa pumzi moja, bila yeye kuvitazama.

Saa 1:00 usiku

Jua lilizama nyuma ya Kongo. Nilipiga picha ya ziwa tupu, kisha nikageuka. Mwezi ulikuwa unapanda juu ya vilima, mwekundu kwanza, halafu rangi ya embe bivu, nikaupiga picha pia, pamoja na mitumbwi iliyolala mchangani ikitupa vivuli vyake kuelekea majini.

Nyumbani nilitengeneza michoro miwili ya haraka. Katika wa kwanza niliufuta mwezi, nikaliacha anga jeusi lenye nyota na taa za wavuvi zikiwa kama mji uliotandazwa juu ya maji. Katika wa pili niliubakiza mwezi, lakini mitumbwi nikaipandisha pwani. Nikavituma vyote na kusubiri. Faili nzito hupita vizuri usiku, mtandao ukipungua watu.

Saa 2:40 usiku

Mhariri amejibu, ingawa kwao saa za kazi zimekwisha, jambo ambalo katika miaka yote hii hajawahi kulifanya. Amechagua mchoro wa kwanza, usio na mwezi. Chini yake ameandika swali moja: siku ambazo wavuvi hawaendi ziwani, usiku huo wanafanya nini? Kitabu kina kurasa mbili ambazo bado hazijapangiwa kitu.

Kutoka pwani nasikia watoto wanacheza, na mtu anagonga mbao za mtumbwi kwa nyundo. Betri ina asilimia sitini na mbili. Nimemwambia mama asinisubiri, nimechukua kishikwambi, ninashuka.