Kijani mpauko, lakini si cha hospitali

Nilipomwambia mume wangu kuwa sebule itapakwa kijani mpauko, alijibu neno moja tu: "Hospitali." Ana hoja. Mwaka 1914 daktari mpasuaji Harry Sherman wa San Francisco alichoshwa na weupe uliomuumiza macho kwenye chumba cha upasuaji, akataka kijani, rangi inayokabiliana na wekundu wa damu. Mimi sipasui mtu, ila macho yangu nayo yanataka kupumzika.

Tatizo la vile vijani vya wodini ni ubluu uliomo ndani yake, tena vingi hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Mimi nilitafuta kijani chenye ujivu. Kwenye kadi ya dukani utakidharau, utasema hiki ni kijivu tu. Kipake kuta nne ndipo utakiona: mwanga ukigonga ukuta huu unaangukia ule, kuta zinatupiana rangi, na kijani kinakolea. Ndiyo maana nasema kadi inayokuvutia kwa ukijani wake irudishe, chukua iliyofifia zaidi.

Usijaribie ukutani. Rangi ya zamani inayoizunguka itakudanganya. Chukua kipande kikubwa cha kadibodi nyeupe, kipake rangi mara mbili, kikauke kabisa, kisha uhame nacho: karibu na dirisha asubuhi, kona yenye giza mchana, chini ya taa usiku. Usiku ndipo penye kesi. Balbu ya 2700K, yenye mwanga wa manjano, hukivuta kijani kwenye unjano. Ya 6500K, yenye mwanga mweupe wa kibluu, hukifanya cha baridi, na hapo mume wangu anashinda kesi yake. Kwa hiyo amua balbu kwanza, rangi baadaye. Najua inasikika kinyumenyume.

Fundi alinishawishi nipake silki kote, yaani rangi yenye mng'ao kidogo, kwa kuwa inafutika kwa kitambaa. Kweli inafutika, lakini pia inaanika kila bonde la plasta, hasa ukuta unaopigwa na mwanga wa ubavuni. Tukaelewana: sebuleni isiyong'aa, silki kwenye korido ambako watoto hupita na mikono yao.

Dari nimeiacha nyeupe, ila si ile nyeupe ya theluji; ubavuni mwa kijani, nyeupe kali huanza kuonekana kama ina uwaridi. Na kama una samani za mbao nyekundunyekundu, hongera, hutahitaji kununua kitu. Kijani huziamsha kuliko krimu ilivyowahi kufanya.

Jambo la mwisho kabla rola haijaloa: changanya makopo yote kwenye ndoo moja kubwa, maana rangi iliyochanganywa kwa mashine inaweza kutofautiana kidogo kopo hadi kopo, na tofauti hiyo utaiona katikati ya ukuta. Itakayobaki ifunike vizuri na uandike namba yake kwenye mfuniko. Watoto wapo, utaihitaji.